Gari jipya linarudia ugonjwa uleule na waranti wanaikataa: somo, lisome lote kabla ya kuuliza

Wakuu, nimechoka kujibu mmoja mmoja. Kila wiki kuna mtu kanunua gari likinukia plastiki bado, limeenda karakana ya muuzaji mara tatu, limerudi na ugonjwa wake, na mara ya nne anaambiwa "hii haimo kwenye waranti". Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia hapa.

Hatua ya 1. Soma kitabu cha waranti. Kipo kwenye droo ya dashibodi, bado kina nailoni yake.

Angalia miaka na kilomita, kinachotangulia ndicho kinachofunga hesabu. Angalia pia siku waranti ilipoanza. Gari lililokuwa la kujaribishia wateja linaweza kuwa limeanza kuhesabiwa kabla hujalijua. Betri na matairi mara nyingi yana waranti yao pembeni. Pedi za breki, wipa na diski ya klachi huhesabiwa ni vitu vya kuchakaa, usigombane navyo.

Hatua ya 2. Tunza risiti za sevisi. Iandikwe tarehe, kilomita, filta na daraja la oili (0W-20, 5W-30, vyovyote kitabu kinavyotaka). Risiti iliyoandikwa "oili" tu ni karatasi ya kufungia karanga.

Hatua ya 3. Fungua daftari la ugonjwa. Kila tatizo likitokea andika: tarehe, kilomita, injini ya moto au ya baridi, dakika ngapi tangu uwashe, mwendo, mvua au jua, kilima au tambarare. Piga video inayoonyesha dashibodi na odometa (namba ya kilomita) kwa pamoja. Kama uko kwenye usukani, apige abiria. Huna abiria, simamisha gari kwanza.

Hatua ya 4. Taa ya injini ikiwaka, soma msimbo (namba ya kosa iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari), usiufute. Soketi ya pini 16 iko chini ya dashibodi upande wa dereva, na kifaa kidogo cha kusoma kinaongea na simu yako. Piga picha ya msimbo, funga, ondoka.

Hatua ya 5. Jobu kadi, ile karatasi ambayo mapokezi ya karakana wanaandika tatizo lako na wewe unasaini.

Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo vumilieni.

Gari langu lilikuwa na kilomita 2,300. Ukiliendesha kama dakika 40, ukazima, ukarudi baada ya dakika kumi, starta inazunguka lakini injini haiwaki. Ukingoja nusu saa linawaka kama vile si lenyewe. Baadaye likaanza kuzimika hata njiani. Safari ya kwanza karakana nilimweleza mtu wa mapokezi mpaka mikono ikachoka. Akaandika: "Haliwaki, kagua betri." Wakachaji betri, nikasaini. Safari ya pili akaandika: "Ukaguzi wa jumla." Wakasafisha throto (mlango wa hewa ya injini), nikasaini. Ya tatu: "Hakuna tatizo lililoonekana." Nikasaini kwa hasira, lakini nikasaini. Ya nne wakasoma msimbo P0335, ule wa sensa ya krankishafti (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini), wakabadilisha sensa. Siku ya kumi na moja likazimika tena.

Nikaenda kwa mkuu wa karakana nikidai nimeleta tatizo moja mara nne. Akafungua faili taratibu, akaligeuza upande wangu. "Mzee, hili la kuzimika umelileta mara moja." Betri, usafi, hakuna tatizo, sensa. Kwenye karatasi lilikuwa gari lenye mikosi midogo minne, na kila mkosi ulikuwa umekwisha. Kibaya ni kwamba hakuwa anadanganya. Sahihi zote nne zilikuwa zangu.

Jambo ambalo hakuna mtu aliyeniambia: kazi ya waranti hailipwi na yule muuzaji, inalipwa na mtengenezaji, na mtengenezaji analipa kwa kusoma karatasi. Anataka vitu vitatu: malalamiko ya mteja, chanzo kilichopatikana, marekebisho yaliyofanyika. Mstari wa chanzo ukiwa mtupu, karakana inaweza kunyimwa malipo. Na fundi mara nyingi analipwa kwa muda uliopangiwa kazi husika, kwa hiyo saa tatu za kusaka tatizo linalokuja na kuondoka anaweza kuzifanya bure. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini "hakuna tatizo" ni jibu jepesi, hata kwa fundi mwema. Kazi yako ni kumpa malalamiko yaliyonyooka kiasi kwamba chanzo kinaanza kuonekana kabla hajafungua boneti.

Sasa maonyo. Soma kadi kabla ya kusaini. Mapokezi wakifupisha maneno yako, waombe wayaandike kama ulivyoyasema, au yaandike wewe mwenyewe kwa kalamu na upige picha. Tunga sentensi moja na uirudie ileile kila safari, neno kwa neno. Yangu ilikuja kuwa hii: "Injini ikipata moto, baada ya dakika kama 40 za safari, inazimika au inagoma kuwaka kwa dakika 20 hadi 30, ikipoa inawaka." Usikubali "ukaguzi wa jumla", hayo si malalamiko. Na usiandike tiba. Ukiandika "badilisha sensa", watabadilisha sensa, shauri lako limekwisha, na likirudi utaambiwa tulifanya ulichoomba. Andika unachokiona, unachokisikia na unachokinusa.

Mwisho kwenye hatua hii: usitoke bila nakala, hata kama hawakufanya kitu. Hasa kama hawakufanya kitu. Karatasi ya "hakuna tatizo" ndiyo inayoonyesha kwamba ulilalamika mapema, waranti ikiwa hai.

Hatua ya 6. Panda gari na fundi. Tatizo la moto lipeleke likiwa moto. Tatizo la asubuhi, liache gari lilale hapo wakaliwashe wenyewe. Mimi nilizunguka na msimamizi dakika 50, tunazungumza mpira, likamzimikia mikononi kwenye mzunguko wa barabara. Sijawahi kufurahi hivyo kuzimikiwa na gari. Wakafuata waya wa sensa badala ya sensa yenyewe: ulikuwa umelala karibu mno na bomba la eksozi, ganda lake limelainika, ukipata moto nyaya zinagusana. Sensa zote mbili, ya zamani na mpya, zilikuwa nzima.

Hatua ya 7. Wakikataa, omba kukataliwa kwa maandishi, na wataje kifungu cha kitabu. Neno la mdomo halina kifungu. Usishangae wengine wakighairi pale tu unapoomba karatasi.

Hatua ya 8. Panda ngazi: kitengo cha wateja cha mtengenezaji kwanza, kisha mamlaka ya kulinda walaji ya nchi yako. Tuma jedwali la ukurasa mmoja: tarehe, kilomita, sentensi yako, walichofanya, siku gari lilizolala kwao. Matusi yaache nyumbani.

Sheria zinatofautiana, lakini angalieni zinavyofanana kwenye kuhesabu. Kule Marekani kimeo cha namna hii wanakiita limau. Jimbo la Connecticut lilitunga sheria ya malimau mwaka 1982 na majimbo mengine yakafuata, na sheria hizo zinaangalia majaribio mangapi ya kutengeneza yamefanyika au gari limelala karakana siku ngapi. Uingereza, sheria ya haki za walaji ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha bidhaa mbovu. Majaribio na siku. Usipokuwa na karatasi utahesabu nini?

MASWALI YA WADAU

Kilomita Sifuri: Mkuu gari langu jipya linasumbua, nifanyeje?

Mwandishi: Linasumbuaje? Rudi hatua ya 3.

Kilomita Sifuri: Linasumbua tu, halina raha.

Mwandishi: Hilo ndilo neno utakaloandikiwa kwenye jobu kadi, na utarudishiwa gari limeoshwa.

Bampa la Nyuma: Mimi nilichomoa betri usiku, asubuhi taa ya injini imezima. Si nimepona?

Mwandishi: Umemficha mgonjwa. Ukichomoa betri au kufuta msimbo, unafuta na picha ya tukio, yaani kumbukumbu ya mzunguko wa injini, joto na mwendo wa wakati ule tatizo lilipotokea. Zaidi ya hapo, vipimo vya ndani vya kompyuta vinarudi kwenye "havijakamilika", na fundi akichomeka mashine yake anaviona. Magari mengi ya sasa yana pia msimbo wa kudumu usiofutika kwa kifaa. Msimbo huo unaondoka pale tu gari lenyewe likiridhika kwamba kosa halipo. Kwa hiyo unaenda kudai waranti ukiwa umefuta ushahidi na ukaacha alama kwamba ulifuta.

Bampa la Nyuma: Sasa ningejuaje? Hukuandika sababu.

Mwandishi: Niliandika usifute. Haya, liendeshe kawaida siku kadhaa, litarudi. Likirudi, piga picha.

Dada wa Usukani: Ahsante kwa somo. Mimi swali langu ni kwa nini. Kwa nini tatizo linapotea likifika karakana? Nilifikiri ni mkosi wangu, langu linatetemeka kwenye gia ya tatu na mbele ya fundi linakuwa malaika.

Mwandishi: Dada, swali zuri, kaa nikueleze. Matatizo mengi ya kuja na kuondoka yanafuata joto, mtikisiko au unyevu. Chuma na plastiki hutanuka zikipata moto, na hazitanuki sawa. Kiungio cha waya kilicholegea kidogo kinaachia, au ufa mdogo kwenye sensa unafunguka. Ukifika karakana unasubiri foleni saa nzima, gari limepoa, ufa umejifunga. Fundi anaendesha dakika tano, hajalifikisha kwenye hali yake. Kwa lako la gia, chunguza linatetemeka kwenye moto au baridi, ukikanyaga kidogo au kwa nguvu, kwenye mwendo gani hasa. Kisha waulize kama kuna waraka wa kiufundi wa mtengenezaji kuhusu giaboksi ya modeli yako. Watengenezaji huwatumia mafundi nyaraka hizo tatizo likijulikana, na si kila fundi anazifungua bila kuulizwa.

Dada wa Usukani: Sikujua kuna nyaraka. Walisema wataweka programu mpya kwenye kompyuta ya gia, nikubali?

Mwandishi: Kubali, mara nyingine ndiyo dawa yenyewe. Ila waandike namba ya toleo la zamani na la jipya, na kwanza wachapishe misimbo iliyopo, maana kuweka programu kunaweza kuifuta. Na wakikuambia "ni tabia ya gari hili", omba mjaribu gari jingine la modeli hiyohiyo. Kama nalo linatetemeka, angalau mmeongea ukweli.

Chuma cha Mjerumani: Wewe unaonekana una chuki na wauzaji. Mafundi wanafanya kazi kwa bidii, unawafundisha watu ugomvi.

Mwandishi: Onyesha sentensi niliyotukana fundi. Aliyepata waya wangu ni fundi wa karakana hiyohiyo. Nimefundisha watu kusoma kabla ya kusaini, kama huo ni ugomvi basi sawa.

Taa za Mbele: Nimefunga redio kubwa na taa za ziada. Wanasema waranti yote imekufa, hata ya giaboksi. Ni kweli?

Mwandishi: Waulize: redio imeharibuje giaboksi? Kifaa ulichofunga kikisababisha hitilafu, hiyo ni yako, hakuna ubishi; waliounga taa kwa kukata waya za gari mjitafakari. Lakini kufa kwa waranti nzima ni jambo jingine, soma kifungu. Marekani kuna sheria ya mwaka 1975 inayomzuia mtengenezaji kufunga waranti kwa sharti la kutumia vipuri vya chapa fulani, isipokuwa akivitoa bure. Kwako angalia sheria yako. Dai maandishi, hatua ya 7.

Kilomita Sifuri: Nimeingiza namba ya chasi kwenye ukurasa wa mtengenezaji kuangalia kama gari limeitwa kurudishwa, inakataa.

Mwandishi: Namba ya chasi ya kimataifa ina tarakimu na herufi 17, na haina I, O wala Q. Hiyo O yako ni sifuri.

Kilomita Sifuri: Imekubali!! Limeitwa kweli, pampu ya mafuta!

Mwandishi: Ndilo lililokuwa halina raha. Wapigie leo. Kuitwa kurudishwa kwa ajili ya usalama si hisani ya waranti, kunarekebishwa bure.

Mzee wa Spana: Nyongeza kidogo, mwandishi. Risiti nyingi siku hizi ni za karatasi ya joto, ukiziacha kwenye droo ya gari juani maandishi yanafutika. Nilipeleka risiti nane za sevisi, sita zilikuwa nyeupe.

Mwandishi: Ahsante mzee, hilo nililisahau na linauma. Pigeni picha siku hiyohiyo.

Bampa la Nyuma: Na panya wakikata waya je? Waranti inalipa?

Mwandishi: Kwa kawaida hapana, hiyo ni sababu ya kutoka nje. Uliza bima. Na usiache mabaki ya chakula ndani ya gari.

Bampa la Nyuma: Taa imerudi, msimbo P0420. Nimepiga picha. Sijafuta.

Mwandishi: Safi. Huo unasema kichujio cha moshi hakifanyi kazi inavyotakiwa, lakini sensa ya oksijeni au moshi unaovuja kwenye bomba inaweza kuleta msimbo huohuo. Kwa hiyo kwenye jobu kadi andika nini?

Bampa la Nyuma: Badilisha kichujio?

Mwandishi: Hatua ya 5, aya ya maonyo. Soma tena, nipo.