Nguva wanavamia kisiwa: namna ya kuandika stori ya vijana ambayo mvuvi wa Pemba hataicheka

Mwaka jana nilianza kuandika stori ya fantasia ya vijana, nguva wanakivamia kisiwa kidogo upande wa Pemba, nikajiona fundi kweli kweli. Sura ya kwanza nikaifungua hivi: usiku wa manane, mwezi mpevu, bahari imejaa mpaka kwenye mashina ya minazi, vichwa vinaibuka majini kimoja kimoja. Nikamsomea ami yangu, mvuvi wa miaka, tumekaa barazani baada ya Isha. Mstari wa tatu sikuufikia. "We mwanangu, mwezi mpevu, saa sita ya usiku, bahari imejaa? Bahari ya wapi hiyo?" Akacheka mpaka kahawa ikamwagikia shuka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka chukua huu tu ukaondoke, anza na bahari, nguva baadae. Msomaji wa visiwani nguva atakusamehe, mana hata yeye hajamuona, ila maji anayajua tangu hajaota meno.

Sasa maji yenyewe. Huku kwetu maji yakiwa ya bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yanajaa kama saa kumi, kumi ya alfajiri na kumi ya jioni, na yanakupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita 4 hivi. Ina maana saa sita usiku wa mwezi mpevu maji ndo kwanza yanapanda, pwani bado mchanga mtupu kwa sehemu kubwa, yaani wale nguva wangu ilibidi waje wanatambaa. Alafu kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, ukihesabu wiki moja mbele ushaingia kwenye maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, na saa zote zimegeuka. Chukua daftari, chora mwezi mzima wa stori yako, tarehe za mwezi wa Kiislamu upande mmoja na saa za maji upande wa pili. Inachosha, najua, lakini ikishakaa vizuri plani ya stori inaanza kujiandika yenyewe.

Mfano nilipoihamisha ile sini kwenda saa kumi alfajiri nikapata zaidi ya nilichokipoteza. Bahari imejaa kweli, adhana ya Alfajiri bado kama saa nzima, hakuna taa inayowaka, na mwezi umeshainama magharibi. Hapo tena inategemea kijiji chako kiko upande gani. Kama kiko magharibi mwezi uko juu ya bahari, unaona njia nyeupe juu ya maji na kitu cheusi kinaikata. Kama kiko mashariki, kama kina Jambiani na Paje kule Unguja, mwezi uko nyuma ya nyumba, vivuli vya minazi vinalala kuelekea baharini na ukisimama pwani kivuli chako wewe mwenyewe ndo kinatangulia kuingia majini. Mimi nilikaa na hiyo picha siku mbili nzima, halafu nikakumbuka kijiji changu kiko magharibi, basi ikabidi niiache. Chukua wewe.

Na usidhani kutisha ni usiku tu. Saa nne asubuhi ya bamvua kina mama wako mbali, pengine kilomita nzima kutoka nyumbani, wengine kwenye kamba za mwani, wengine wanachokoa pweza mwambani. Maji yakianza kurudi hayaji kwa mbele kama ukuta, yanaingia kwenye vijifereji, kimya kimya, yanakuzunguka kwa nyuma, ukigeuka ile njia uliyokujia haipo. Hapo weka nguva mmoja tu, hana haja hata ya kuonekana. Kamba ya mwani inavutwa upande wa pili, mama anadhani mwenzie anamtania, anainua kichwa, mwenzie yuko huko anafunga gunia lake. Ukiandika sini hii usimwage damu, utaiharibu.

Tukija kwa nguva mwenyewe, lugha yetu imetupa zawadi ambayo watu hawaitumii. Neno ni moja tu, nguva yule wa hadithi mwenye kichwa cha mtu na nguva yule mnyama halisi, anayekula majani ya bahari kwenye maji madogo, ananyonyesha, anapanda juu kuvuta pumzi, anafika urefu wa mita 3 na siku hizi ni adimu sana. Basi mzee akisema "nguva wamerudi" kijiji chako nusu yao wafurahi na nusu wafunge milango, na msomaji asijue nani yuko sahihi mpaka sura ya tano huko. Usipeleke tu yule mrembo wa kwenye katuni, nywele nyekundu na magamba yanameremeta. Wa kwako awe na ngozi nzito ya kijivu, makovu ya mwamba, pumzi inayosikika kabla hajaonekana, fwuuu, kama mtu kachoka nyuma ya mlango.

Alafu tofautisha na chunusi. Chunusi ndo yule anayevuta watu chini wakiogelea, kila mtoto wa pwani katishiwa nae. Ukichanganya nguva na chunusi bila sababu wasomaji watakusahihisha, ila ukichanganya kwa makusudi una stori: kijiji kimemlaumu chunusi miaka yote kumbe ni nguva, au kinyume chake.

Kwa nini wanashambulia? Hapa ndo stori nyingi zinaanguka, nguva wabaya kwa sababu ni wabaya, basi. Tafuta kitu ambacho kijiji kimefanya na bado kinakihitaji kula. Mimi nilitumia jarife, ule wavu wa papa. Nguva halisi akinasa kwenye wavu anakufa kwa kukosa hewa, na jike anazaa mtoto mmoja tu kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo wa kwangu walifiwa na mtoto, na mwenye jarife ni baba wa shujaa. Akitoa wavu hawana chakula wala ada ya shule, akiuacha majini kisiwa kinazama. Sasa hapo hata ukimpa msomaji aamue hawezi, na ndo raha yenyewe.

Kijiji usikijaze mashujaa. Kipe diko, pale wavuvi wanapofikia, na vyombo vyake, mtumbwi, ngalawa, dau, anayesuka dema, ule mtego wa samaki, anayeuza samaki kwa mnada, muadhini mwenye kikohozi, watoto wanaotoka chuoni na juzuu zao, bibi ambaye alikuwa kijana mwani ulipoanza kulimwa kibiashara mwaka 1989 na bado anasimulia kama jana. Majina yawe ya huku, kina Kombo, Faki, Makame, Mize, Bimkubwa, sio shujaa wa Pemba unamwita Ariana.

Na hofu ikiingia, watu wafanye kile watu wa huku wanafanya. Nguva akitokea Pemba hakuna mtu anayekimbilia intaneti kwanza, watu wanaenda kwa shekhe, wanasoma Yasini, wakizidiwa wanasoma Halbadiri, ile dua nzito ya kumuapiza adui, na wengine usiku usiku wanapitia kwa mganga na hawasemi. Ukiruka hayo hakuna atakayeamini kisiwa chako, na ukiyafanyia kejeli utapoteza wasomaji zaidi. Kama unataka kujua hofu inavyotembea kisiwani waulize wakubwa habari za popobawa, lile pepo lililosemekana kuwavamia watu usiku vitandani, mwaka 1995, ilivyoanzia Pemba ikavuka mpaka Unguja, watu wakalala nje kwa makundi na mioto imewashwa. Hiyo sini ya ukoo mzima umelala uani, mikeka imebanana, mtoto mmoja anataka kwenda chooni na hakuna wa kumsindikiza, ina thamani kuliko vita vyote vya mwisho utakavyoviandika.

Shujaa wangu ni msichana wa miaka 16 na tatizo lake kubwa mwanzoni sio nguva, ni mama yake. Nani anamruhusu mtoto wa kike kushuka pwani saa kumi alfajiri? Usilikwepe hilo kwa kumfanya yatima, yatima wamejaa kwenye fantasia. Mpe sababu, bibi kamtuma, ami anaumwa na dema halijaangaliwa, chochote. Kwenye mazungumzo usiwafanye waitane majina matupu kama kwenye filamu zilizotafsiriwa. Hata akimkatalia ami yake ataanza na "ami, naomba radhi", na mzee akikasirika atasema "sikiliza mwanangu", na wenzie ndo watamwita yakhe. Ukali unaingia humo humo kwenye adabu.

Kisiwa chenyewe kibuni, kipe jina lako, kisha kizungushie sehemu za kweli, miji ya Pemba kama Wete, Mkoani, Chake. Mimi nimependa Pemba kwa sababu ya kina. Kati ya Unguja na bara maji ni ya makumi ya mita tu, ila mkondo wa Pemba, yaani bahari kati ya Pemba na bara, unashuka mpaka kama mita 800, mwanga haufiki. Wakitoka huko chini utasadiki. Kuhusu nyimbo za nguva, sauti ndani ya maji inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, basi mtoto aliyelala chini ndani ya dau sikio kwenye ubao asikie kabla ya nahodha aliyekaa juu. Hilo nililiweka nikaacha, sikueleza kitu.

Uchawi wowote utakaotunga uwe na gharama na usizidi mmoja au miwili, basi.

Ukimaliza usitume popote kwanza. Nenda kamsomee mvuvi, kwa sauti, na kahawa na kashata juu yako. Mimi nilirudi kwa ami na sura mpya, saa kumi alfajiri, mwezi magharibi, jarife, pumzi ya nguva kwenye giza. Safari hii hakucheka. Akasikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, kisha akauliza, "Upepo gani lakini? Kaskazi au kusi?"

Nilikuwa sijaandika. Na kama ni kusi kali, mwezi wa Juni Julai hivi, lile dau lao halitoki, nikarudi nyumbani kufuta sura ya pili yote.