Kabla hujaanza kulivuta tanga la mbele ukiwa umekaa kokpiti, pitia haya kwanza

Kila mwenye boti ya matanga ameshawahi kutambaa kwenda omo (mbele kabisa ya boti) maji yanampiga usoni, mkono mmoja umeshika waya mwingine unapambana na tanga linalopigapiga kama limepagawa, na akirudi nyuma anaapa leo ndo mwisho, kesho ananunua rola, kile kifaa kinacholikunja tanga la mbele kwa kulizungusha kwenye waya wake. Sawa, rola ni kitu kizuri, mimi mwenyewe ninayo, ila nikwambie mapema tu kwamba kazi ya omo haiishi, inahamia bandarini, na usipoimaliza pale boti ikiwa imefungwa itakufuata huko nje tena usiku.

Kwanza kabisa jiulize kama hiyo rola unaihitaji kweli. Kama boti yako ni ya futi 20 au 25 na tanga linashikwa na vikulabu kwenye waya wa mbele (ule unaoshikilia mlingoti kutokea omo), kuna dawa rahisi sana ambayo watu wanaidharau, kamba ya kushushia. Chukua kamba nyembamba ya milimita 6 hivi, ifunge kwenye pembe ya juu ya tanga, ipitishe ndani ya vikulabu kadhaa ishuke nayo mpaka kwenye kapi dogo pale omo, halafu irudishe kokpiti, pale nyuma unapokaa kuendesha. Ukitaka kutua tanga unabana demani kidogo ili tanga lisirushwe nje ya boti (demani ni zile kamba mbili zinazoshika pembe ya nyuma), unaachia henza (kamba ya kupandishia tanga), unavuta ile nyembamba, tanga linashuka linalala kwenye sitaha basi. Ukishamaliza ifunge vizuri ile kamba, maana upepo ukiingia chini ya tanga litapanda tena juu lenyewe utashangaa.

Ila hapo lazima na henza nayo ifike kokpiti, na hapa ndo wengi wanaumbuka. Pima kutoka chini ya mlingoti mpaka unapokaa, ongeza na ya kuzungusha kwenye winchi, ndo ujue kamba mpya iwe ndefu kiasi gani, na mwisho wake piga fundo la nane isije ikachomoka ikapanda juu ya mlingoti ukabaki unaiangalia. Na henza isiachwe imejisokota sakafuni, siku unataka tanga lishuke haraka ndo siku hiyohiyo itakwama.

Sasa tuje kwenye rola, maana hapa kuna mengi. Kitu cha kwanza kuangalia ni ngoma kule chini, ile inayozungushiwa kamba unayovuta kukunja tanga, ina mizunguko mingapi ya kamba. Mimi yalinikuta. Bandarini upepo hamna, nikakunja tanga likakaa safi kabisa, kwenye ngoma ikabaki mizunguko miwili nikaona freshi, tukatoka, mchana upepo ukapanda nikavuta, nikavuta, ngoma ikawa tupu na kipande cha tanga bado kiko nje kinapigapiga. Kumbe upepo ukiwa mkali tanga linajiviringa kwa kubana zaidi, kwa hiyo linataka mizunguko mingi kuliko ile uliyohesabu kwenye utulivu. Nilimaliza safari na kile kitambaa kinanizomea njia nzima. Kwa hiyo likunje tanga lote, endelea mpaka demani zizunguke juu yake mara 3, halafu tazama ngoma, kama haijabaki mizunguko minne mitano ongeza kamba. Na ukiongeza angalia isijae mpaka kusugua kingo, kuna ujanja wa kutoa utumbo wa ndani wa kamba kwenye ile sehemu inayokaa kwenye ngoma tu, inakuwa bapa haijazi nafasi, huku nyuma unaposhika inabaki nene mkono hauumii.

Njia ya kamba nayo. Inapoingia kwenye ngoma iingie kwa pembe mraba na waya wa mbele, katikati ya ngoma, sio ikitokea juu au chini, la sivyo itajipanda na kujifunga. Kisha fuata kapi moja moja kwa kidole mpaka kokpiti, kila kona kali inakula nguvu zako, ukiona kapi halizunguki badilisha. Na wakati wa kufungua tanga usiiachie kamba ikimbie tu, ishikilie kidogo iingie kwenye ngoma ikiwa imenyooka.

Halafu panda juu ya mlingoti, au mtume kijana mwepesi. Henza ikiwa inashuka sambamba na waya wa mbele, siku moja itajizungushia kwenye waya badala ya kichwa cha rola (kile kipande cha juu kinachoshika henza) kuzunguka peke yake. Inatakiwa itokee nyuma kidogo kwa pembe ya digrii 10 hivi, na kama mlingoti wako hauna nafasi hiyo kuna kijikapi kinafungwa mbele ya mlingoti cha kuirudisha henza nyuma. Usilichukulie poa hili, henza ikijizungusha wewe huku chini unaona tu rola imekuwa ngumu, unaweka kamba kwenye winchi unakaza, na nguvu yote ile inausokota waya unaoshikilia mlingoti. Waya ukikatika, mlingoti unaweza kuja chini. Kwangu mimi ni sheria, rola ikigoma kwa mkono sikazi kwa winchi, nanyanyua macho juu kwanza.

Demani usizifunge kwa chuma, kile chuma kikikupata kichwani utalala. Piga fundo la bowlini (kitanzi kisichojikaza), au tumia kamba moja ndefu ukaikunja katikati ukaitia kitanzi kwenye pembe, haina mafundo ya kunasa kwenye nyaya za mlingoti wakati wa kubisha, yaani kugeuza omo kupitia kwenye upepo.

Kupunguza tanga kwa rola kunawezekana lakini ukikunja zaidi ya theluthi moja hivi linakuwa mfuko tu, boti haiendi joshi tena, yaani kuelekea upepo unakotoka. Na kila ukipunguza, kapi la demani lisogezwe mbele, kwa hiyo weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye tanga na kwenye reli ambayo kapi hilo linateleza, alama moja na alama mbili, usiku usianze kubahatisha. Upepo ukiwa mkali wakati wa kukunja geuza boti iende na upepo tanga la mbele lijifiche nyuma ya tanga kubwa, utashangaa linavyokuja laini.

Ukiiacha boti siku nyingi funga ngoma kwa kamba nyingine isizunguke, na kama dhoruba kubwa inakuja litoe tanga kabisa. Ile kitambaa ya kukinga jua nayo hakikisha ndo inabaki nje tanga likikunjwa, nimeona watu wanazungusha ngoma kinyume, jua linakula tanga wao hawana habari.

Ya mwisho, jaribu kila kitu bandarini siku ya utulivu, ukiwa peke yako. Kisha mfumbe macho mtu mnayesafiri naye mwambie shika henza, shika demani ya kulia, shika ya rola. Akishika nyingine usimlaumu, zinafanana rangi, badilisha moja.