Samli ya Shangazi Isipite Mlango wa Kijani: Chakula cha Nyumbani Ukiwa Ujerumani

Viza, tiketi na kilo za begi unavijua, havihitaji kurudiwa hapa. Kinachowaumiza watu wetu wanaorudi Ujerumani kutoka likizo kiko uwanja wa ndege, baada ya kuchukua mabegi kwenye mkanda, pale njia inapogawanyika. Upande mmoja kuna alama ya kijani na maneno "Anmeldefreie Waren", upande wa pili nyekundu, "Anmeldepflichtige Waren". Wengi hufuata kijani kwa sababu ndiko umati unakoelekea, na kwa sababu nyumbani tumezoea kwamba mtu wa forodha akikutaka atakuita. Huku Ujerumani, ukiukanyaga mlango wa kijani umeshatoa tamko. Umesema, bila kufungua mdomo, kwamba huna cha kutangaza. Afisa akikusimamisha hatua mbili mbele anachopima ni kama ulisema kweli.

Shika hili kabla ya mengine yote: nyama na maziwa kutoka nchi zetu haviingii Umoja wa Ulaya kwenye begi la msafiri, hata gramu moja. Usiulize kiasi kidogo kinachoruhusiwa, hakipo. Nyama kavu, nyirinyiri iliyozama kwenye mafuta, soseji, sambusa za nyama, kuku wa kukaanga uliyebebewa ule njiani, samli, siagi, mtindi, jibini, maziwa ya unga, vyote vinaishia mezani pa forodha, na huenda ukaandikiwa faini juu yake. "Imeshapikwa" haikuokoi. "Imefungwa kiwandani" haikuokoi. "Ni ya kula mwenyewe" ndiyo haikuokoi kabisa, maana sheria hii imewalenga hasa wasafiri wanaobeba vya kula wenyewe. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yana nafasi, hadi kilo 2, kopo likiwa la kiwandani, halijafunguliwa, na la aina isiyohitaji friji kabla ya kufunguliwa.

Sasa tuseme na jamaa zetu, kwa heshima. Usiku wa kuamkia safari, begi limeshafungwa, shangazi anaingia na kichupa cha samli kimeviringishwa kwenye khanga. "Kidogo tu mwanangu, hawataona." Shangazi, wataona. Mabegi yanapita kwenye mashine, na viwanja vingine vina mbwa waliofundishwa kunusa chakula. Begi lenye jina la mtoto wako ni mzigo wake pamoja na vyote ulivyomchomekea bila yeye kujua, na kule hakuna wa kumwambia afisa "tusameheane". Nawe msafiri usimwachie mama kazi ya kufunga begi halafu umlaumu. Lifunge mwenyewe, ulitie kufuli kabla wageni wa kuaga hawajafika, na piga simu wiki moja kabla, kabla mbuzi hajachinjwa.

Watu husema Wazungu wana roho mbaya na chakula chetu. Mfugaji wa kwetu aliyewahi kuona mnada unafungwa kwa karantini hatasema hivyo. Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo vinakaa kwenye nyama na maziwa. Uingereza mwaka 2001 iliua zaidi ya mifugo milioni 6, na wachunguzi walielekeza kidole kwenye mabaki ya chakula waliyolishwa nguruwe bila kuchemshwa. Ujerumani yenyewe iliupata ugonjwa huo Januari 2025 kwa nyati-maji huko Brandenburg, mara ya kwanza tangu 1988, na homa ya nguruwe ya Afrika imo kwa nguruwe pori wao tangu 2020. Kwa hiyo afisa anayekunyang'anya kipande cha nyama hana ugomvi na wewe. Atakuwa mpole, atakuita "Bwana" au "Bibi", na hatalegea hata kidogo. Sisi huona upole ni dalili kwamba mazungumzo yanaendelea. Kwao mazungumzo yameshakwisha.

Ukiwa na shaka, pita mlango mwekundu. Kitu kilichokatazwa ukikitangaza mwenyewe, kwa kawaida unakiacha na kwenda zako. Kikikutwa kwako ukitokea kijani, hapo ndipo karatasi zinapoanza kuandikwa. Na usidanganyike kwa kuwa ulishapita Amsterdam au Paris salama: begi la mkononi hukaguliwa uwanja wa kwanza wa Ulaya, lakini begi kubwa hukaguliwa pale linapoishia safari, yaani Ujerumani. Kutuma samli kwa posta ni kosa lilelile, ila kifurushi hakina mlango mwekundu wa kujitetea.

Vinavyopita ni hivi. Samaki, hadi kilo 20 kwa mtu, wakiwemo dagaa wakavu na ng'onda. Wabichi lazima wawe wametolewa matumbo. Asali, kilo 2. Unga, majani ya chai, viungo vilivyokaushwa. Nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani havidai cheti. Embe, parachichi, pilipili mbichi na mchicha wa jana sokoni vinadai cheti cha afya ya mimea, ambacho hutolewa na mamlaka ya afya ya mimea, Kenya ni KEPHIS na Tanzania ni TPHPA. Kwa embe dodo nne hakuna atakayehangaikia cheti, basi kazile zote kabla ya kuondoka.

Kinachoudhi zaidi katika habari hii ni kwamba karibu kila kinachokamatwa unaweza kukitengeneza huku, tena kwa bei nafuu.

Anza na samli. Nunua siagi isiyo na chumvi, lakini soma karatasi: "Süßrahmbutter" imetokana na krimu tamu, "Sauerrahmbutter" imetokana na krimu iliyochachushwa. Chukua ya pili. Samli ya nyumbani hutoka kwenye maziwa yaliyoganda, na harufu yake inatokana na uchachu huo. Ukitumia ya kwanza utapata mafuta safi yasiyo na hadithi. Pakiti 4 za gramu 250 zinatoa gramu 800 hivi za samli. Yeyusha kwenye sufuria nzito, moto wa chini, bila mfuniko, dakika 30 hadi 40. Sikiliza: kelele za mchemko zikinyamaza na machicha yakigeuka hudhurungi chini, maji yameisha. Ukisubiri dakika tatu zaidi inaungua na kuwa chungu. Chuja kwa kitambaa kwenye chupa iliyokauka kabisa, na usiifunike ikiwa ya moto, maana jasho la mfuniko likidondoka ndani ndilo linaloleta ukungu.

Nyirinyiri inataka uvumilivu zaidi. Kilo 2 za nyama ya mguu wa ng'ombe isiyo na mafuta, uitie kwenye friza saa moja ikazane, kisha ukate vipande virefu vya nusu sentimita kufuata nyuzi. Chumvi gramu 40. Huku hakuna jua la kuanikia, na baridi yao ina unyevu, kwa hiyo usitundike nyama roshani ukaiita nyama kavu. Itaota ukungu kabla haijakauka. Iive kwanza ndani ya oveni mpaka kipimajoto kioneshe nyuzi 71 katikati ya kipande. Baadaye shusha oveni hadi 60, bana mwiko mlangoni mvuke utoke, uache saa 5 au 6 ukigeuza mara moja. Katakata vipande vidogo, kaanga kwenye samli mpaka mapovu yaishe. Mapovu ni maji. Yakiendelea kutoka, bado. Mimina kwenye chupa, samli ifunike nyama yote, na uweke friji. Kipande kinachochungulia juu ya mafuta ndicho kitakachoharibu chupa nzima.

Mtindi ni rahisi mno: lita moja ya maziwa, vijiko vitatu vya "Buttermilch" (maziwa machachu mepesi ya dukani), saa 24 jikoni kwenye nyuzi 20 na kidogo. Yasipoganda, angalia kama pakiti ina neno "wärmebehandelt". Hiyo imepashwa moto na bakteria wake wamekufa. Mvivu anunue "Dickmilch" tu, ni maziwa lala kwa jina la Kijerumani.

Basi kilo zako zipe dagaa. Chagua wa Mwanza waliokaushwa juu ya chanja, wasioshika mchanga. Ukifika, waweke kwenye friza siku 4 kuua wadudu na mayai yao, kisha uwatandaze kwenye oveni ya nyuzi 80 kwa saa moja, mlango wazi kidogo, watoe unyevu wa safari. Wakipoa, fungasha kwa mafungu madogo na uwarudishe friza. Usiwaache kabatini hadi kiangazi: dagaa wana mafuta, na mafuta hayo huchacha hata pakiti ikiwa imefungwa vizuri. Wakigeuka rangi ya kutu na kuwasha koo, tupa.

Unga wa ugali ndio mtego wa dukani. "Maisstärke" ni wanga wa kuzitia uzito supu, ukiusonga utapata gundi. "Minuten-Polenta" ni unga wa mahindi ulioivishwa tayari, haishikani. "Harina P.A.N." ni nyeupe na inatamanisha, lakini ni mahindi yaliyopikwa kabla ya kusagwa; ugali wake unanata kwenye meno. Tafuta unga mweupe mbichi wa mahindi kwenye maduka ya Kiafrika, ambayo kwa kawaida yako mitaa ya karibu na stesheni kuu ya treni. Iwisa ya Afrika Kusini ni wa kuaminika. Na unga wa muhogo usiuchanganye na "gari" ya Wanaijeria (chenga za muhogo uliochachushwa na kukaangwa) wala tapioka. Kama kuna kilo zimebaki begini, wa makopa utoke nyumbani.

Mboga hazina shida. "Mangold" ndiyo ileile spinachi ya Nairobi. Sukuma, tumia "Grünkohl" wakati wa baridi, iwe umeikata nyembamba na kuipika muda mrefu kidogo. Ikiingia madukani nunua nyingi, chemsha dakika 2, itie maji ya barafu, kamua, gandisha kwa mafungu ya gramu 250. "Kochbanane" ni ndizi mzuzu, usitarajie matoke. Kisamvu kinauzwa kimegandishwa na kimeshatwangwa, chini ya majina ya Wakongo, "pondu" au "saka-saka". Hapa tahadhari tena: kutwangwa hakumaanishi kimeiva. Majani ya muhogo mabichi yana sianidi. Chemsha bila mfuniko saa moja na zaidi kabla ya kutia tui na karanga, hata kama pakiti inaonesha picha ya sahani tayari. Tui lenyewe, achana na kopo lenye orodha ndefu ya viambato. Nazi iliyokunwa na kugandishwa ya maduka ya Kihindi ni bora, gramu 400 kwa nusu lita ya maji ya uvuguvugu, ukikamua mara mbili.

Limebaki jirani. Nyumba za kupanga zina sheria ya ukimya kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili nzima. Kinu na mchi Jumapili usithubutu, labda uweke taulo nene chini ya kinu na hata hivyo wa ghorofa ya chini atasikia. Tofauti na kwetu, wengi hawatabisha hodi wakuambie. Utaona barua kwenye sanduku, na barua ya pili itatoka kwa mwenye nyumba. Mvuke nao una kesi yake: kuchemsha kisamvu saa mbili madirisha yamefungwa wakati wa baridi kunaotesha ukungu ukutani, na ukungu hukatwa kwenye dhamana yako siku ya kuhama. Fungua madirisha yote wazi kabisa dakika 5 hadi 10, kisha funga. Lile dirisha lililolegezwa juu kutwa nzima linapoza ukuta na kuzidisha tatizo. Dagaa kaanga Jumamosi mchana, mlango wa jikoni ukiwa umefungwa, na usikitoe betri kile kidude cha kugundua moshi darini. Ni lazima kisheria.