Mtoto ana homa, malaria hakuna: umeshauliza mkojo?

Kwenye kliniki ya watoto ninakofanya kazi, huku Tanga, mama akija na mtoto wa miezi minane anayechemka, huwa ameshapata majibu njiani. Bibi kasema meno. Jirani kasema chango. Dukani wamemuuzia panado na dawa ya malaria. Mkojo hajautaja mtu, wakati homa hiyo huenda ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo.

Mtoto mkubwa hana taabu. Atakwambia anachomwa akikojoa, atashika chini ya kitovu, ataenda chooni kila saa na kutoa matone, au alishaacha kukojoa kitandani na sasa kaanza tena. Taabu iko kwa asiyesema. Huyo utamwona na homa ya nyuzi 38 au zaidi, anatapika, anakataa ziwa, analialia habembelezeki, au uzito umegoma kupanda kwenye kadi. Kichanga anaweza hata kubaki na umanjano usioisha. Harufu kali peke yake si ushahidi, maana hata asiyenyonya vya kutosha mkojo wake hunuka.

Mimi huuliza hivi: anakohoa? Ana mafua? Anaharisha? Sikio linatoa usaha? Kipimo cha malaria kimesomaje? Kama kote ni hapana na homa imepita siku nzima, naomba mkojo, awe wa kike au wa kiume. Meno hayamchemshi mtoto kiasi hicho. Kuna utafiti uliochapishwa 2014, watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa Dar es Salaam na Ifakara: takriban 6 katika kila 100 walikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na wenye malaria walikuwa kama 11 tu. Kwa hiyo si kila homa ni UTI (siku hizi mitaani kila mtu anayo!), ila kuisahau ni hatari, kwa sababu ikipanda kwenye figo inaweza kuacha kovu.

Aliye chini ya miezi mitatu akiwa na nyuzi 38, usingoje siku ipite. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo wa umri wowote anayelegea, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au aliyepata degedege.

Sasa kuukinga mkojo, hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wa kukamua kwenye pampasi au pamba haufai, na chupa ya jamu iliyosuuzwa haifai kuuwekea. Omba kikopo cha maabara. Mnyonyeshe mtoto kwanza, kisha mwoshe sehemu za siri kwa maji safi bila dawa yoyote, umkaushe. Wa kike, futa kutoka mbele kwenda nyuma. Wa kiume ambaye hajatahiriwa, usilazimishe govi kurudi nyuma. Mpakate akiwa hana nepi, kikopo kimefunguliwa mkononi, umsugue polepole chini ya kitovu kwa kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Wapo wanaokojoa ndani ya dakika tano, wapo watakaokuchosha. Matone ya mwanzo yaache yapite, kinga ya katikati, usiguse ndani ya kikopo, upeleke maabara papo hapo. Ukikaa kwenye joto letu hili, vijidudu vinazaana humo na majibu yanadanganya.

Kile kijiti cha kupimia kikisema hakuna kitu kwa mtoto mchanga, usiridhike haraka. Wachanga hukojoa mara kwa mara, mkojo haukai kibofuni vya kutosha kijiti kuonyesha nitriti, kemikali inayotokana na bakteria. Uliza kama unaweza kuangaliwa kwa hadubini na kuoteshwa, yaani kukuzwa maabara vijidudu vilivyomo vijulikane. Na mkojo utolewe kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki, isipokuwa mtoto ni mahututi. Huyo atibiwe kwanza.

Mtoto wa shule anayeoga mabwawani akikojoa damu, hasa mwishoni mwa mkojo, mwambie daktari pia habari ya mabwawa. Hicho huenda ni kichocho, na dawa yake ni nyingine.

Majibu ya kuotesha huchukua siku mbili tatu. Acha namba ya simu inayopatikana, kwa sababu dawa aliyoanzishwa inaweza kubadilishwa. Dozi aimalize hata akianza kucheza siku ya pili, na homa isiposhuka ndani ya saa 48 tangu aanze dawa, mrudishe.