Kabla Mgonjwa wa Kiharusi Aliyepoteza Maneno Hajarudi Nyumbani

Siku ya kuruhusiwa ikikaribia, familia huhangaikia kitanda, godoro na kiti cha magurudumu. Mazungumzo hayaandaliwi, na hapo ndipo uchungu mwingi huanzia.

Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kukaa na watu wote wa nyumbani, watoto na dada wa kazi wakiwemo, muwaeleze kwamba mzee hajarukwa na akili. Kwa watu wengi lugha huendeshwa na upande wa kushoto wa ubongo, uleule unaotawala mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana aliyepooza kulia mara nyingi hupoteza na maneno. Hali hiyo huitwa afasia. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyejibu karibu kila swali kwa silabi moja, "tan". Alipoulizwa amekaa pale miaka mingapi, alifungua kiganja mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Miaka 21, na ilikuwa kweli. Wasimulieni watoto kisa hicho.

Kabla hamjatoka wodini, ulizeni kilichoumia zaidi ni kusema au kuelewa. Anayefanana na mgonjwa wa Broca husema kwa taabu, neno mojamoja, lakini mengi anayasikia na kuyaelewa, hivyo msijadili shamba lake mbele yake kana kwamba hayupo. Mwingine, wa aina aliyoieleza daktari Mjerumani Carl Wernicke mwaka 1874, huongea bila kukwama ila maneno hayana maana, na mara nyingi mwenyewe hatambui. Huyo mwonyesheni kikombe mnapomuuliza kuhusu chai. Ulizeni pia kama kumeza kwake kumepimwa, maana uji unaweza kuingia mapafuni.

Msitegemee daftari na kalamu. Kuandika nako kwa kawaida huumia pamoja na kusema. Andaeni picha za choo, maji, dawa, na za wanawe. Hata "ndiyo" na "hapana" huweza kubadilishana mdomoni, basi kubalianeni ishara ya kidole gumba na mhakikishe mara mbili.

Kwetu kuna suala la lugha zenyewe. Bibi aliyelelewa kwa Kichaga akafanya biashara kwa Kiswahili anaweza kurudiwa na moja kabla ya nyingine, na si lazima iwe ile ya utotoni. Mwelezeni mtaalamu wa tiba ya usemi lugha zote alizokuwa akizitumia. Wataalamu hao ni wachache, kwa hiyo ombeni miadi mapema.

Atashindwa kusema "maji", halafu ataimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani au atahesabu hadi kumi. Hajifanyi. Yaliyokaririwa kwa miaka mingi hutoka hata pale neno la kutafutwa linapokataa.

Zimeni redio, asemeshwe na mtu mmoja, kwa sentensi fupi na sauti ya kawaida, kwani si kiziwi. Ukimuuliza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumpa neno. Maendeleo makubwa huonekana miezi ya mwanzo, ingawa wengine huendelea kupata nafuu miaka baadaye. Na iwapo maneno yaliyokwisha kurudi yatapotea ghafla, msingoje kuche. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.