Hitilafu ya mtandao ya siku nyingi: irekebishwe au izungukwe?

Kwenye stesheneri ya Ngamiani, Tanga, dalili zake ni hizi: ping (amri ya kupima kama mashine ya mbali inajibu) inajibu, kurasa nyepesi zinafunguka, ila barua pepe yenye skani ya cheti haiondoki. Mstari wa kupakia unasimama palepale, na mteja amesimama kaunta. Kebo imeshabadilishwa, swichi pia.

Mara nyingi chanzo ni ukubwa wa pakiti, yaani vipande ambavyo data husafirishwa ndani yake. Laini ya PPPoE (njia ambayo baadhi ya watoa huduma hukuunganishia intaneti) hula baiti 8, hivyo pakiti ya 1500 lazima ishuke hadi 1492. Kwa utaratibu wa RFC 1191, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 1990, mtumaji huambiwa apunguze kwa ujumbe wa ICMP (taarifa za hitilafu za mtandao). Ujumbe huo ukizuiwa njiani, anarudia kutuma pakiti ileile kubwa. Mfumo endeshi wa Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, haijiongezi, inausubiri ujumbe.

Usiguse mfumo kabla ya kupima. Kwenye kompyuta ya Linux iliyo nyuma ya ruta, anza na ping ya kawaida kuhakikisha unakopima kunajibu. Kisha:

ping -M do -s 1472 8.8.8.8

Hiyo 1472 ukijumlisha baiti 28 za vichwa unapata 1500. Ukijibiwa kwamba MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ni 1492, ujumbe unafika upande wako. Ukiona kimya, shuka hadi 1464. Ikipita hiyo na 1472 ikanyamaza, ujumbe unapotea. Linux hukumbuka kipimo cha njia kwa dakika 10, kwa hiyo usirudie haraka ukajidanganya.

Sasa uamuzi. Kama ni faiwoli yako inayotupa ICMP yote, rekebisha leo. Hapo hakuna cha kujadili. Kosa likiwa mbali, kwenye seva ya watu au kwa mtoa huduma, kuchokonoa msimbo wa kerneli (kiini cha Linux) hakutakusaidia. Bana MSS (kiasi cha juu cha data ndani ya pakiti moja ya TCP, itifaki inayobeba kurasa na barua pepe) kwenye ruta:

iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu

MSS itashuka hadi 1452, kwenda na kurudi. Hii ni ya TCP tu. VPN (muunganisho wa faragha) inayotumia UDP, itifaki nyingine, ipunguzie MTU yake yenyewe. Kwa seva yako inayotuma mafaili makubwa, jaribu mpangilio wa Linux net.ipv4.tcp_mtu_probing=1. Thamani hiyo huamka pale tu Linux inapohisi pakiti zinamezwa, na ukirudisha 0 umerudi ulipokuwa.

Kinachobaki ni hitilafu iwe ndani ya kerneli yenyewe. Jaribu toleo jipya kwenye mashine ya akiba. Tatizo likiisha, panda toleo. Lisipoisha, waripoti watunzaji wa kerneli, ukiambatanisha rekodi ya tcpdump (programu ya kunasa pakiti) ya pande zote mbili za ruta. Kiraka chako mwenyewe, yaani marekebisho yako ya msimbo wa kerneli, ni deni: kila sasisho la usalama likitoka utakibandika upya na kujenga kerneli upya, na siku ukisafiri hakuna wa kukibandika.

Kuna jambo mafundi wengi hulisahau. Hitilafu ikikaa miaka, watu huizoea na kuizungushia viraka. Kabla ya kubadilisha chochote, pita kila mashine na amri ya ip link uandike MTU yake. Hukosi kukuta 1400 iliyowekwa na fundi aliyetangulia. Haina madhara makubwa, iache kwanza. Fanya kazi duka likishafungwa, jaribu kwa kutuma skani ileile iliyokwama, kisha zirudishe hizo 1400 kuwa 1500 moja moja, siku tofauti.