Neno la Kiingereza likikushinda, likate

Ukikutana na neno refu la Kiingereza, usikimbilie kamusi. Likate kwanza. "Unbreakable": katikati kuna "break", vunja, mbele "un-" ya kukanusha, nyuma "-able", kuwezekana. Basi ni kitu kisichovunjika. Mengine ni maneno mawili yaliyobanwa yakawa moja: "smoke" (moshi) na "fog" (ukungu) yakazaa "smog", "breakfast" na "lunch" yakazaa "brunch", kama sisi tulivyopata chajio kutoka chakula cha jioni. (Chamcha, chakula cha mchana, nalo lipo, ingawa sijamsikia mtu akiagiza chamcha mgahawani.)

Ila chunga kopo la thina, ile ya kuchanganya rangi, lililoandikwa "inflammable": neno hilo si kisichoshika moto. Hiyo "in-" haikanushi kitu. Inawaka upesi, iweke mbali na jiko.